Uzi maalumu: Mtandamboo, uzio wa kijani unaolisha ndege (ukiuacha uzae)

Kichaka Hai (mleta uzi)

Wadau, habari za humu. Kila siku tunajadili nyasi za kapeti na maua ya kuagiza, ila mtandamboo sijauona ukipewa uzi wa maana hata mmoja. Ni mmea wa kwetu, una kijani mwaka mzima, kiangazi haukitishi, na ukishashika ardhi hauhitaji kubembelezwa. Nimechoka kuona watu wanaupanda kama ukuta, wanaukata kama ukuta, halafu wanalalamika kwamba hauzai na ndege hawaji. Ndiyo maana nimeuleta.

Kwa wasioufahamu: kitaalamu ni Carissa spinarum, vitabu vya zamani vimeuandika Carissa edulis. Wakikuyu wanauita mukawa, Wamaasai olamuriaki, Wajaluo ochuoga. Utaukuta vichakani, kingo za misitu ya ukame, juu ya miamba na hata juu ya vichuguu, kuanzia maeneo ya chini yenye joto hadi nyanda za juu. Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana, ni magumu kidogo na upande wa juu yanang'aa. Ukikwanyua jani au kikonyo, unatoka utomvu mweupe. Miiba imenyooka, mingine inafika sentimita 5, na haina utani hata kidogo. Maua ni madogo, meupe ndani na ya waridi kwa nje, yanakaa vishada vishada na yananukia kama asumini. Tunda lina ukubwa wa karibu sentimita moja, linaanza kijani, linakuwa jekundu, likiiva kabisa linakuwa jeusi la zambarau.

Sasa sikilizeni hapa. Vile vishada vya maua vinatokea kwenye NCHA za matawi. Ukipitisha makasi kila mwezi ili uzio unyooke, unachokata ni ncha, kwa hiyo unakata maua kabla hayajachanua na matunda kabla hayajafikiriwa. Uzio unabaki mzuri wa kupiga picha, lakini kwa nyuki na ndege kama chozi na kwenzi hauna tofauti na ukuta wa matofali uliopakwa rangi ya kijani.

Karibuni, wenye uzoefu waongeze.

---

Mpita Njia

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Weka picha mkuu.

---

Babu Kitalu

Mleta uzi umesema kweli. Mimi ni wa vitalu, ngoja niseme habari ya miche, kwa sababu najua swali linalokuja.

Mbegu za mtandamboo hazipendi kuwekwa. Mtu anakausha matunda juani, anayafunga kwenye karatasi, anayakumbuka msimu ujao, halafu anasema mbegu ni mbovu. Chukua matunda yaliyoiva meusi, yanayong'oka kwa kuguswa tu. Yaponde ndani ya maji kwa mkono, nyama iachane na mbegu, osha mpaka utelezi uishe. Ndani utakuta mbegu chache bapa. Zianike kivulini, si juani, zikauke maji ya juu tu, kisha uzisie siku hizo hizo kwenye mchanga uliochanganywa na udongo wa msituni. Funika kidogo, mwagilia kwa kichujio laini, weka kivuli chepesi. Zinaota ndani ya wiki chache, ila haziibuki kwa pamoja, kwa hiyo usimwage tuta kwa hasira.

Miche ikishakuwa na jozi mbili za majani, ihamishie kwenye viriba. Usingoje iwe mikubwa, mzizi mkuu unakimbilia chini upesi na ukiukata kwa kuchelewa mche unazubaa. Mwanzoni hukua polepole, hilo likubali mapema. Anayetaka uzio wa kumzuia mwizi mwaka huu huu, akajenge.

Vipandikizi vya matawi vinashika kwa kusuasua sana. Njia iliyo bora kwa mwenye kichaka tayari ni kuinamisha tawi refu la chini, kulikwaruza gome kidogo upande wa chini, kulifukia sehemu hiyo na kuliwekea jiwe juu. Likishatoa mizizi unalitenga na mama yake. Mtandamboo wenyewe una tabia ya kutambaa na kuegemea mimea mingine, ndiyo maana hili linawezekana bila shida.

---

Mama wa Kuku

Jamani mimi nauliza jambo moja tu. Vichaka vya miiba si ndiyo nyumba za nyoka? Nina kuku, nina wajukuu. Uzio wa aina hii nimeukataa miaka yote kwa sababu hiyo.

---

Kichaka Hai

Mama shikamoo. Hofu yako ina msingi na sitaki kuipuuza. Nyoka anaweza kujificha ndani ya kichaka kinene chochote, uwe mtandamboo au maua ya kizungu. Ila nyoka hafuati miiba, anafuata chakula. Chakula chake nyumbani ni panya, vyura, mayai na vifaranga. Ukiwa na pumba zilizomwagika, banda lenye matundu na rundo la mbao kuukuu nyuma ya jiko, atakuja hata kama kiwanja ni kitupu.

Ushauri wangu: usiupande kuzunguka mlango wala kuegemea banda. Weka kwenye mpaka. Chini ya kichaka, upande unaotazama nyumba, ondoa matawi yanayogusa ardhi hadi usawa wa goti, fagia pale, iwe wazi unaona hadi mashinani. Upande wa nje uache mpaka chini, huko ndiko viumbe watajificha. Hivyo unapata vyote viwili.

---

Mama wa Kuku

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye usawa wa goti nimekuelewa.

---

Komredi wa Uzio

Nipinge kidogo. Mnasema mmea wa asili unasaidia viumbe. Mbona lantana ni ya Amerika ya tropiki na ndege wanaila vizuri tu? Mbona kayaba imetoka kusini mwa Afrika na imejaa kwenye mashamba ya Kenya, inaota haraka kuliko huu mtandamboo wenu? Ndege hawana pasipoti.

---

Binti Nyuki

Komredi, ndege hawana pasipoti, lakini viwavi wanazo 😄

Ndege aliyekomaa anaweza kula tunda la lantana, ni kweli kabisa, na ndivyo inavyosambaa hadi inaziba malisho, halafu ng'ombe akilazimika kuila inamdhuru ini. Tuiweke pembeni. Shida ni kulea makinda. Chozi tunamwona kwenye maua tukadhani anaishi kwa nekta, kumbe makinda yake analisha wadudu na buibui. Shore naye anapenda matunda, ila kinda mchanga anahitaji wadudu laini. Sasa wadudu wengi wanaokula majani hawali jani lolote tu, wamezoea familia fulani ya mimea na sumu zake.

Mtandamboo ni wa familia ya Apocynaceae, ndiyo ile ya oleanda (mmea wa mapambo), yenye utomvu. Kuna nondo mmoja mkubwa, Daphnis nerii, rangi yake ni michirizi ya kijani kama jiwe la marumaru. Kiwavi wake anakula oleanda na ndugu zake, mtandamboo ukiwemo. Ni kiwavi kijani, mnene, na nyuma ya kichwa ana madoa mawili ya buluu yenye ukingo mweusi. Ukimgusa anainamisha kichwa, ngozi inatanuka, yale madoa yanageuka macho mawili makubwa yanayokutazama. Mara ya kwanza unaruka nyuma. Ukimwona, mwache. Atakula majani kadhaa, mmea hautajua hata kama kapita.

Na kuna nondo wengine wa ukoo huo huo, jenasi ya Nephele, nao viwavi wao wanakula Carissa. Kwa hiyo kichaka kimoja kinatoa nekta kwa wakubwa, majani kwa viwavi, viwavi kwa ndege, na baadaye matunda. Uzio wa msaiprasi unakupa kivuli na mahali pa kulala ndege. Si haba, lakini meza haina chakula.

---

Komredi wa Uzio

Sawa, la viwavi nimelipokea. La kasi ya kukua bado nimekaza shingo.

---

Babu Kitalu

Kaza tu kijana, hata mimi sijakuambia ni wa haraka. Kayaba nayo ina lake: miti yake ina dume na jike, ukipata madume matupu huoni tunda. Mtandamboo ua moja lina sehemu zote mbili.

---

Ally wa Bustani

Wakuu, mimi nilinunua miche niliyoambiwa ni mtandamboo. Miiba yake imegawanyika ncha kama herufi Y, maua ni makubwa meupe peee, na tunda ni kubwa jekundu, halijawahi kuwa jeusi. Nimepigwa?

---

Kichaka Hai

Hujapigwa sana, umepewa binamu. Hiyo ni Carissa macrocarpa, asili yake ni upande wa pwani ya kusini mwa Afrika. Inauzwa sana kwa sababu ua na tunda ni kubwa na inakatika vizuri. Alama ni hizo hizo ulizotaja: miiba yenye panda, maua yanayozidi sentimita 3, tunda linabaki jekundu hata likiiva. Mtandamboo wetu miiba kwa kawaida imenyooka bila panda, na ua ni dogo zaidi ila yako mengi kwa pamoja.

Usiing'oe. Panda wa kwetu ubavuni mwake. Tunda dogo lina faida yake: shore au kinengenenge analimudu, analimeza zima au kulidonoa bila kazi. Tunda kubwa linataka mdomo mkubwa.

---

Nguchiro

Kabla watu hawajaenda porini kuchuma mbegu, naomba nitoe tahadhari, na hii si ya kupita juu juu.

Kuna mmea unaitwa msunguti, Acokanthera, wa familia hiyo hiyo. Nao una kijani mwaka mzima, nao majani yanatazamana na yanang'aa, nao una maua meupe yenye waridi yanayonukia, nao matunda yake yakiiva ni ya zambarau iliyokolea. Mara nyingi unakua kwenye vichaka vile vile. Huo ndio uliotengenezewa sumu ya mishale kwa vizazi na vizazi, ile iliyoangusha tembo. Sumu yake inaitwa wabaini na inasimamisha moyo.

Tofauti ya kushika ni moja: MSUNGUTI HAUNA MIIBA. Kama umeshika tawi na hujachomwa, rudisha mkono. Watoto wafundishwe hivyo hivyo, tunda la kichaka kisicho na miiba haliguswi.

Na kwa kuwa uzi ni wa wanyama, msunguti nao una mteja wake. Kuna panya mkubwa wa Afrika Mashariki, Lophiomys imhausi, ana manyoya marefu ya kijivu na michirizi myeupe. Mwaka 2011 watafiti walieleza kwamba anatafuna gome la msunguti, anachanganya na mate, halafu anajipaka kwenye mstari wa nywele maalumu ubavuni. Hizo nywele zina matundu matundu zinafyonza ule mchanganyiko. Mbwa akimng'ata, sumu anaichukua mwenyewe mdomoni, na wapo mbwa waliokufa. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine uliofanyika Kenya, ukathibitisha tabia hiyo ya kujipaka na kuonyesha kwamba panya hawa huishi wawili wawili na watoto wao, si wapweke kama ilivyodhaniwa.

---

Mpita Njia

Panya anajipaka sumu ya mishale?? Huu uzi umeniharibia usingizi. Endeleeni.

---

Binti Nyuki

Nguchiro asante, hiyo ya miiba inabidi iwekwe juu kabisa ya uzi.

Nirudi kwenye miiba yenyewe, maana tunaiona kama usumbufu wakati kwa ndege mdogo ndiyo mlinzi. Kiota kikiwa katikati ya mtandamboo uliofungamana, paka anafika nje anasimama. Mwewe hawezi kupiga mbizi mle ndani. Na kwa sababu majani hayapukutiki kiangazi, kiota hakibaki uchi wakati vichaka vingine vimebaki vijiti. Jioni angalia wanavyoingia kulala, hasa kuzumburu, wale wenye mikia mirefu wanaoning'inia kwa makundi. Wakulima wa matunda hawawapendi, najua.

Yupo pia mbwigu, yule mweusi kwa mweupe anayekaa juu ya waya. Yeye miiba anaitumia kama bucha. Anakamata panzi au mjusi mdogo, anamchoma kwenye mwiba, anarudi kumla baadaye. Ukikuta panzi kachomekwa kwenye uzio wako usidhani ni uchawi.

---

Ally wa Bustani

😂😂 Nimewahi kukuta. Jirani alileta maneno makubwa sana.

---

Mkulima Mdogo

Mimi swali langu ni la mifugo. Mbuzi wanaula? Na nitumie nafasi gani kati ya mche na mche?

---

Babu Kitalu

Mbuzi wanachuma machipukizi laini, ndiyo. Kichaka kikubwa hakitikisiki, kinachipua tu upya, lakini mche wa mwaka mmoja ukipitiwa na kundi huna kitu. Zungushia matawi ya miiba mikavu mpaka uvuke kiuno.

Kwa uzio mzito panda kila baada ya nusu mita, mistari miwili, mche wa mstari wa pili ukae katikati ya miwili ya kwanza. Kwa mtu anayetaka matunda na ndege, mita moja hadi moja na nusu, kichaka kipate kujitanua. Panda mvua zinapoanza, shimo liwe na samadi iliyooza kidogo tu. Weka matandazo. Kiangazi cha kwanza mwagilia, baada ya hapo unaweza kumsahau. Udongo wa mawe anauvumilia, maji yaliyotuama hayataki.

Uwe kwenye jua. Kivulini anaishi ila anarefuka kutafuta mwanga na maua yanakuwa ya kuhesabu.

---

Kichaka Hai

Na kwa kuwa Mkulima Mdogo amegusa mifugo, kuna faida isiyosemwa sana. Mahali ambapo malisho yamechoka, ndege wanatua juu ya kichaka cha miiba na kudondosha mbegu za miti mingine walizokula. Mche ukiota pale katikati, mbuzi haufikii, kivuli anacho, na majani yaliyooza yapo. Miaka ikienda unaona mti unatokeza kichwa juu ya kichaka. Kwa hiyo anayesafisha vichaka vyote shambani kwanza ndipo apande miti, anajiongezea kazi ya kumwagilia na kulinda.

Sasa la kupogoa, nimeulizwa pembeni na watu kadhaa. Sisemi usikate kabisa, mtandamboo ukiachiwa unafika hata mita 4 au 5 na unakutupia matawi barabarani. Ninavyofanya: mwaka huu napogoa upande mmoja, upande wa pili nauacha uchanue na kuzaa. Mwaka ujao nageuza. Nakata baada ya matunda kuisha. Mashina yaliyozeeka katikati natoa machache kwa msumeno, karibu na ardhi, kichaka kinachipua upya chenyewe. Juu sipitishi kamba. Juu kukiwa na mawimbi mawimbi hakuna aliyekufa.

Jirani atasema uzio wako mchafu. Mpe kikombe cha matunda meusi, atanyamaza. Yawe meusi kweli lakini, yale mekundu bado yana utomvu unaoganda kwenye midomo.

---

Komredi wa Uzio

Mzee wangu wa kijijini anachimba mizizi yake kwa dawa. Hilo vipi?

---

Kichaka Hai

Mizizi inatumika sana kwa tiba za asili, sitaingia kwenye ubishi wa dawa humu. Nitasema la kichaka tu: ukichimba mzizi mkuu umeua mmea. Mwenye hitaji achukue mizizi ya pembeni, afukie, asirudi kwenye kichaka hicho hicho kila mwezi. Na mwenye kuchimba asiyejua kuutofautisha na msunguti, arudi kwenye tahadhari ya Nguchiro.

---

Mama wa Kuku

Mwanangu Kichaka Hai, nimerudi. Kumbe huu mmea upo kwenye mpaka wangu na wa jirani tangu zamani, niliuita michongoma tu. Nimeangalia: miiba imenyooka, utomvu mweupe upo. Fundi wa kukata anakuja kesho, nimeshamlipa nusu. Asubuhi hii nimechungulia nikakuta kiota, kuna mayai mawili na ndege mwenye kichwa cheusi na njano chini ya mkia ananipigia kelele. Nifanyeje?

---

Binti Nyuki

Mama huyo ni shore. Mwahirishe fundi. Mayai yanaanguliwa kama wiki mbili, na makinda yanaondoka kiotani chini ya wiki mbili nyingine, kwa hiyo mpe mwezi mmoja. Na usichungulie mara kwa mara, unawaonyesha kunguru njia.

---

Kichaka Hai

Na fundi akija huo mwezi ujao, mwambie upande wako tu, hadi usawa wa goti chini, juu asiguse.

---

Mama wa Kuku

Nimeongea naye. Amekubali kuja mwezi ujao, ila hela harudishi.